Zebra FX9600 mlangoni mwa ghala: mashine nzuri inayobebeshwa lawama zisizo zake

Kwa mlango wa ghala la kiwanda, FX9600 ya Zebra ndiyo kisomaji cha RFID (utambuzi wa mizigo kwa mawimbi ya redio, kupitia lebo zenye chipu ziitwazo tagi) ambacho tungemwambia mtu akinunue bila kusitasita, kwa masharti mawili: liwe toleo la WR, na fedha zisiishie kwenye kisomaji. Ukiona mlango unasoma paleti saba kati ya kumi, au unasoma hata zile zilizolala ndani ambazo hazijaenda popote, mara nyingi sanduku halina kosa. Kosa liko kwenye kebo, kwenye namna antena zilivyofungwa, au kwenye tagi iliyobandikwa mahali ambapo isingeweza kusikia chochote.

Kisomaji chenyewe ni sanduku la kufunga ukutani, uzito kama kilo 2, lenye matundu 4 au 8 ya antena. Kila tundu linatuma na kupokea, kwa hiyo huhitaji antena mbili mbili. Kinasoma tagi za UHF (redio ya masafa ya juu sana) za kiwango cha EPC Gen2, ambacho ISO imekipa namba 18000-63, na kasi anayoitangaza mtengenezaji ni zaidi ya tagi 1,200 kwa sekunde. Nguvu unaipandisha na kuishusha, ukomo wake ukiwa dBm 33 (dBm ni kipimo cha nguvu kwa desibeli; zikiongezeka desibeli 3, nguvu inakuwa maradufu). Kuna njia 4 za kuingiza ishara na 4 za kutoa, kwa ajili ya vihisi, taa na king'ora. Kwa mlango mmoja chukua cha matundu 4. Cha matundu 8 kina maana milango miwili ikipakana, na hata hapo fikiri vizuri, maana kisomaji huzungukia antena moja baada ya nyingine. Zikizidi, kila moja inapata muda mdogo.

Sasa hilo la WR. Kwenye namba ya modeli angalia herufi za mwisho. US ni ya soko la Marekani: inafanya kazi megahezi 902 hadi 928 tu, na hakuna mpangilio wa kuigeuza. WR ni ya nchi nyingine: unachagua nchi unapokiwasha mara ya kwanza, nacho kinajipanga kwenye bendi inayohusika, ikiwemo 865 hadi 868. Mashine za US zilizotumika ndizo zinazomshawishi mnunuzi mtandaoni kwa bei ya kutupa. Kwetu Tanzania ni mzigo. Simu za bendi ya 900 hutuma kuelekea mnarani kati ya megahezi 880 na 915, kwa hiyo kisomaji cha Marekani kikiwashwa Vingunguti kinaweza kurusha mawimbi yake juu ya masikio ya mnara wa jirani, unaojaribu kusikia simu dhaifu za watu. Masafa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na vifaa vya redio vinahitaji idhini yake. Mwombe muuzaji nakala ya idhini ya modeli hiyo hiyo kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kukwama.

Hiyo dBm 33 inayopigiwa debe nayo ina hesabu yake. Ukomo wa Ulaya kwenye bendi ya 865 hadi 868 ni wati 2 ERP, yaani dBm 33 zinazotoka kwenye antena, si kwenye kisomaji. Chukua antena ya kawaida ya mlangoni, yenye mawimbi ya kuzunguka na ongezeko la dBic 9 (desibeli zinazopimwa kwa antena za aina hiyo). Ukiondoa desibeli 3 za mzunguko na 2.15 za kubadilisha kipimo, antena hiyo inaongeza 3.85. Kebo ya LMR-240, kebo ya antena yenye upotevu mdogo, inakula karibu desibeli 0.25 kwa mita, kwa hiyo mita 6 zinakula 1.5. Ili ufike wati 2 unahitaji kukipanga kisomaji kwenye dBm 30.6 hivi. Basi! Zilizobaki ni za mtu mwenye kebo ndefu: kwa mita 15 za LMR-240, upotevu unafika 3.7, na hapo ndipo 33 inapohitajika yote.

Maana yake kwa mfuko wako ni hii. FX9600 hupata umeme kwa kebo ya mtandao. Kwa PoE ya kawaida (ndiyo huo umeme wa kebo ya mtandao) kinaishia dBm 31.5, na kwa PoE+, toleo lake lenye nguvu zaidi, au umeme wa volti 24 kinafika 33. Kama kisomaji kimefungwa juu ya mlango wenyewe na kebo za antena ni fupi, swichi ya PoE ya kawaida inatosha. Anayekuuzia PoE+ kwa mlango wa namna hiyo anakuuzia akiba ambayo huitumii.

Kwenye kebo ndiko watu wanakojimaliza. Matundu ya FX9600 ni ya RP-TNC, aina ya kichwa cha kebo chenye uzi wa skrubu ambayo hutaikuta katika kila duka la vifaa vya umeme Kariakoo, kwa hiyo fundi hununua kebo ya RG-58 ya mita, anafunga vichwa mwenyewe, anaongeza na adapta mbili. RG-58 kwenye masafa haya inakula karibu desibeli 0.5 kwa mita, mara mbili ya LMR-240. Mita 6 ni desibeli 3, na desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Tagi isiyo na betri inaishi kwa nguvu hiyo tu. Ikipungua nusu, umbali wa mita 8 unashuka chini ya mita 6. Kichwa kilichobanwa vibaya ni kibaya zaidi, maana leo kinasoma, kesho mlango ukigongwa hakisomi. Agiza kebo zilizokwisha fungwa vichwa kiwandani, kwa urefu unaoupima wewe kwa kamba kabla ya kuagiza. Zikizidi mita 10, nenda LMR-400, inayokula karibu 0.13 kwa mita, ila ujue ni nene na ngumu kukunja kwenye kona.

Mlango wa upana wa mita 3 unataka antena 4, mbili kila upande. Ya chini iwe na kitovu chake kama sentimita 80 kutoka sakafuni, ya juu mita 1.8, zote zikielekea ndani kidogo ya njia. Tumia za mawimbi ya kuzunguka, kwa sababu hakuna mpakiaji atakayekuhakikishia tagi imelala au imesimama. Mbele ya kila nguzo weka kizuizi cha chuma kilichochimbiwa sakafuni, kisichokatiza uso wa antena, la sivyo foklifti ya kwanza inayorudi nyuma itakuonyesha bei ya antena.

Kisha linakuja suala la mabati. Maghala ya barabara ya Nyerere, Chang'ombe mpaka Mbagala yamejengwa kwa mabati na fremu za chuma, na chuma hurudisha mawimbi kama kioo. Mambo mawili hutokea. La kwanza ni madoa yaliyokufa: wimbi la moja kwa moja na lile lililorudishwa hukutana na kufutana. Urefu wa wimbi la megahezi 866 ni sentimita 34.6, kwa hiyo kutoka doa lililokufa hadi lililo hai ni kama sentimita 9 tu. Ndiyo maana paleti iliyosimama katikati ya mlango inaweza isisomeke ilhali ile inayopita inasomeka bila taabu. Usijaribu mlango kwa paleti iliyosimama, utahukumu visivyo.

La pili linaudhi zaidi: kusoma visivyopita. Paleti zilizopangwa karibu na mlango zinaingia kwenye orodha ya lori la Kariakoo. Dawa ya kwanza haihusu umeme. Piga mstari wa rangi sakafuni, mita 4 pande zote za mlango, pasikae kitu chenye tagi. Ikishindikana (na ghala dogo hushindikana), shusha nguvu desibeli moja moja mpaka zile za pembeni zinyamaze, huku ukihakikisha zinazopita bado zinasomeka. Halafu funga vihisi viwili vya mwanga, kimoja nje na kimoja ndani, viingie kwenye njia za ishara za FX9600, ili kisomaji kiamke tu kitu kinapokatiza mwanga. Kikikatwa cha ndani kwanza, mzigo unatoka. Cha nje kikianza, unaingia. Vihisi vipe umeme wake vyenyewe. Kuchuja kwa nguvu ya ishara, yaani kutupa tagi zilizosikika kwa udhaifu, kufanywe mwisho na kwa upole, kwa sababu tagi iliyo katikati ya paleti iliyojaa nayo husikika dhaifu. Ukikaza mno unatupa mali yako mwenyewe.

Muda nao una hesabu. Foklifti ya kilomita 10 kwa saa inakwenda karibu mita 2.8 kwa sekunde. Eneo la kusoma likiwa mita 3, mzigo una sekunde moja na kidogo tu mbele ya antena. Ukiacha kila antena ikae milisekunde 500 kabla ya kuipisha nyingine, mzunguko wa antena 4 ni sekunde 2, na foklifti imeshafika kwenye lori. Weka milisekunde 100 hadi 200. Upande wa sesheni, yaani mpangilio wa muda ambao tagi iliyosomwa inanyamaza, S1 inatosha kwa milango mingi: tagi ikishasomwa hunyamaza kati ya nusu sekunde na sekunde 5, kisha inarudi. S2 ni ya mizigo yenye mamia ya tagi, kwani humnyamazisha aliyesomwa kwa muda wote anaopata nguvu na angalau sekunde 2 baada ya hapo. Tahadhari: milango miwili jirani ikiwa yote kwenye S2, tagi iliyosomwa na mlango wa kwanza inapita wa pili kimya kabisa, na utatafuta kosa kwenye kebo wiki nzima.

Tagi ndizo zinazoamua kama fedha zote hizo zimeenda mahali pake. Takwimu za umbali kwenye karatasi za mauzo ni za tagi iliyoning'inia hewani. Magodoro ni raha ya RFID: sponji ni kama hewa, lebo ya karatasi yenye chipu ya NXP UCODE 8 au Impinj M730 inasomeka ikiwa popote. Vivyo hivyo viatu vya plastiki, nguo, katoni za biskuti. Maji ya chupa na soda ni habari nyingine, kwa sababu maji hunyonya mawimbi ya UHF. Katoni zilizo katikati ya paleti hazionekani hata ukiweka antena ishirini. Mabati, makopo ya rangi na misumari ni balaa la tatu. Lebo ya kawaida ikigusa chuma inakufa palepale, si kwamba inadhoofika. Hapo unahitaji tagi ya chuma yenye kitenganishi ndani yake, mfano Confidex Ironside au zile za Xerafy, au lebo ya bendera ambayo sehemu yenye antena inasimama nje ya chuma. Ya bendera ni nafuu sana, lakini makuli wakishapakua mara mbili inakuwa imekunjika na kulala juu ya bati, na imekufa.

Kwa moldi (kalibu) za kiwanda cha plastiki, tagi ngumu ifungwe kwa skrubu au riveti. Gundi inawezekana, ila lazima mafuta yafutwe kwa spiriti kwanza, na moldi zina mafuta siku zote. Tagi nyingi za aina hiyo huishia nyuzi 85 za joto. Moldi inayopashwa zaidi ya hapo ifungiwe tagi kwenye fremu ya nje iliyo baridi, au inunuliwe ya joto kali. Paleti za mbao zina tabia yake: zikilala nje wakati wa masika, mbao inalowa, na umbali unaporomoka ingawa tagi ni nzima. Weka tagi mbili kwenye vipande vya ndani, pande zinazokabiliana, zote zikiwa na namba moja.

Hesabu hii ya mwisho kuhusu tagi iandikwe ukutani mwa kila ofisi inayopanga mradi. Tuseme kila katoni ina uwezekano wa kusomeka wa asilimia 99, ambao wengi wangeushangilia. Paleti ya katoni 48 itasomeka yote, bila kukosa hata moja, mara 62 tu kati ya 100. Ukifika asilimia 99.9 kwa katoni, inakuwa mara 95. Kwa hiyo kiwanda cha soda, maji au sabuni kisibandike katoni. Kibandike paleti, tagi moja au mbili, na orodha ya katoni zilizomo ishikwe na kompyuta wakati paleti inafungwa nailoni. Tagi za katoni ni za mali ya bei kubwa na iliyo kavu.

Namba za ndani ya tagi hupuuzwa mpaka siku ya msiba. Tagi za roli zinaweza kuja na namba za kiwandani zinazofanana, na programu inaona paleti moja mahali penye hamsini. Andika namba zako za mfumo wa GS1, shirika la misimbo pau: SSCC kwa mzigo ulio juu ya paleti, GRAI kwa kreti na paleti zinazorudi, GIAI kwa moldi, mizani na mashine. Kila moja ina umbo la biti 96, yaani herufi 24 za heksadesimali. Kiambishi cha kampuni unapewa na GS1 Tanzania. Ndicho kilekile kilicho kwenye misimbo pau yako inayoanza na 620. Ukishaandika, funga kwa nywila, maana tagi iliyo wazi inaandikwa upya na mtu yeyote mwenye kisomaji cha mkononi. Kuna namba nyingine, TID, inayoanza na E2, iliyochomwa kwenye chipu na haibadiliki. Ihifadhi kwenye hifadhidata pamoja na EPC, ile namba uliyoiandika wewe. Siku mtu akinakili tagi ya kreti, ndiyo itakayomuumbua.

Upande wa programu, FX9600 inaongea LLRP (lugha ya pamoja ya visomaji vya RFID) kwa wale wenye mifumo ya zamani, na ina njia ya kutuma JSON (data iliyo katika maandishi) kwa MQTT au HTTP, njia za kupeleka ujumbe mtandaoni, moja kwa moja kwenye seva. Ya pili ni rahisi zaidi kwa kijana wa kompyuta aliyezoea tovuti. Mipangilio hufanywa kwa kivinjari, na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ileile. Kumbuka kwamba paleti moja ikipita hutoa mistari mingi ya kusomwa, si mmoja. Programu isipoikunja kuwa tukio moja, mhasibu ataona mali ambayo haijawahi kutengenezwa. Saa ya kisomaji iunganishwe na seva ya muda, na kisomaji, swichi na seva zote ziwe nyuma ya UPS (betri ya akiba). UPS ya ofisini peke yake haisaidii kitu ikiwa swichi ya ghala imechomekwa ukutani.

Kasoro yake kubwa kwa Dar ni kinga ya IP53 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji). Vumbi kiasi na matone ya kuelekea chini kinahimili, mvua ya upepo haikifai. Kukifunga kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa ni kosa la pili, kwa sababu ukomo wake ni nyuzi 55, na chini ya paa la bati mwezi wa Februari boksi lenye mashine inayotoa joto halihitaji kusukumwa sana kufika huko. Kifunge ndani ya ukuta, chini ya usawa wa paa, pahali penye hewa, na utoe nje kebo na antena tu, antena zikiwa za IP67. Vichwa vyote vya nje vizungushiwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Maeneo ya Kurasini na Kigamboni, chumvi ya bahari huingia kwenye uzi wa RP-TNC, na dalili yake ni antena moja inayopungua kusoma taratibu ilhali tatu zinadunda.

Kabla ya kulipa fungu la mwisho kwa aliyekufungia, fanya jaribio hili. Paleti 20 zenye mizigo yako halisi, si makatoni matupu, kila moja ipite mara 5 kwa mwendo wa kawaida wa dereva. Hizo ni safari 100. Nusu ya safari ziwe na paleti nyingine zimesimama mita 4 pembeni. Andika zilizokosekana na zilizosomwa bila kupita, kila kundi peke yake, kwa sababu dawa zake zinapingana: ukipandisha nguvu kutibu la kwanza unazidisha la pili.

Printa ya lebo, ZT411 ya RFID, inatosha kuisema kwa kifupi: irekebishe upya kila unapobadilisha aina ya roli, na ukiona lebo zilizochapwa VOID (zilizoshindikana kuandikwa) zinafuatana ujue mahali pa kuandikia chipu hapajakaa sawa, usiitupe roli. Tagi nene za chuma zinahitaji toleo lake maalumu.

Mshindani wa karibu ni Impinj R700, yenye masikio makali zaidi kwenye karatasi: dBm −92 dhidi ya −86 (namba ikishuka, inasikia ishara dhaifu zaidi). Kwa mlango wa ghala tofauti hiyo haionekani, kwa sababu tagi hukosa nguvu ya kuamka kabla kisomaji hakijakosa kusikia jibu lake. Chagua ile ambayo fundi aliye Dar anaijua na anaweza kukuazima nyingine ikiharibika.

Kuna wasiohitaji mlango kabisa. Kiwanda cha Mikocheni chenye moldi 60 na swali moja tu, moldi ipo rafu gani, kinunue kisomaji cha mkononi cha RFD40, kile kinachovikwa kwenye simu ya kazi. Kiwekwe kwenye S0 wakati wa kutafuta kitu kimoja, kinalia haraka kadiri unavyokikaribia, na hesabu ya stoo nzima inaisha kabla chai haijapoa.